Njia Panda za Bi Mwalimu

Niliseme mapema, lisije likanitoka mbele ya safari kwa bahati mbaya: kwa miaka mingi sikumpenda. Nilimheshimu, nilimwamkia nilipokutana naye, nilimpelekea sahani ya pilau kila Idi kama mama alivyoniagiza, lakini kumpenda, hapana. Alikuwa mwalimu wangu wa Kurani pale Ujiji. Nilitoka chuoni kwake nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimefika Suratu Shuaraa, juzuu ya kumi na tisa, na sikurudi mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wawili na kazi ya serikali. Jina lake sitalitaja, kwanza kwa sababu hata wakati ule hakuna aliyelitumia. Wanafunzi, wazazi, wavuvi, mpaka fundi cherehani Mkristo wa nyumba ya pili, wote tulimwita Bi Mwalimu.

Kwao sikujui vizuri na sitaanzia huko. Ujiji kila mtu ana babu aliyetoka ng'ambo fulani, na mkianza kuulizana hammalizi. Mimi nitaanza na ungo wake.

Chuo chenyewe kilikuwa baraza ya nyumba yake, mikeka mitatu na sisi kama ishirini hivi, wasichana upande wa mlangoni, wavulana upande wa barabarani ili mbuzi wakipita wao ndio wawafukuze. Yeye alikaa katikati kwenye kigoda, ungo wa dagaa mapajani. Alichambua dagaa wa mboga ya nyumbani, anatoa mchanga, anatoa vijiti, anatoa visamaki visivyohusika, huku mwanafunzi mmoja anasoma mbele yake. Mpita njia angedhani mama huyu hana habari na kinachosomwa. Sisi tulijua. Ukikosea, mkono ulisimama. Hakusema umekosea wapi wala hakukutajia neno sahihi. Mkono ulikaa juu ya ungo, haushuki wala haupandi, mpaka wewe mwenyewe urudi ulikotoka ukalitafute kosa. Ukilipata, dagaa waliendelea. Niliwahi kuusimamisha mkono ule mpaka paka akaja akajichukulia chake kwenye ungo, na Bi Mwalimu hakumfukuza, kwa sababu kumfukuza kungekuwa ni kuusogeza mkono.

Sifa alikuwa nazo bahili. Neno "vizuri" nililisikia kinywani mwake mara mbili katika miaka yote ile, na mara moja alikuwa anamwambia mtu mwingine.

Asiyekaa chuoni huenda asielewe tulichokuwa tunahangaika nacho. Hadithi za mitume katika Kurani hazikukaa mahali pamoja kama hadithi za kitabu cha shule, mwanzo hapa na mwisho pale. Musa unamkuta Al-Baqara, unamkuta Al-Aaraf, unamkuta Taha, Shuaraa, Qasas na kwingine kwingi, na karibu kila mahali yumo katika mambo yaleyale: fimbo, Firauni, wachawi, bahari. Nuhu vivyo hivyo, Ibrahimu vivyo hivyo. Na Bi Mwalimu alikuwa na desturi yake: kurasa nyingine ulisoma msahafu ukiwa wazi, lakini hadithi za mitume alitaka uzisome msahafu umefungwa. Sasa mtu anayesoma kwa kichwa anafika kwenye aya ambayo iko karibu sawasawa katika sura mbili. Akiteleza hapo haanguki. Anaendelea kusoma vizuri kabisa, ila yuko sura nyingine. Umetoka Ujiji unakwenda mwaloni, kule ziwani wanakoshushia samaki, unajikuta Mwandiga, mbali na maji, na njia nzima ulikuwa unatembea kwa kujiamini.

Sehemu hizo aliziita njia panda. Alizijua zote, na alitutajia kabla hatujaanza sura yoyote, kama mzazi anavyomwonyesha mtoto mahali ziwa linapoanza kuwa na kina. "Hapa ukienda kushoto unaingia Aaraf. Hapa ukizembea unarudi Taha. Macho mbele."

Mimi nilikuwa mtoto mwenye haraka na mdomo. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomuuliza, mbele ya wenzangu wote, "Bi Mwalimu, habari za Musa si tumeshaambiwa? Kwa nini zinarudiwa tena?"

Tulikuwa tunangoja fimbo, na fimbo alikuwa nayo, ingawa aliitumia zaidi kufukuzia kuku. Hakuichukua.

"Mara ya mwisho umeisoma wapi?" akaniuliza.

"Taha."

"Kule Taha, wachawi walipotupa kamba zao zikaonekana zinatembea, nani aliogopa?"

Nikafikiri. "Musa mwenyewe. Aliogopa moyoni."

"Na kule Aaraf?"

Sikujua. Niliirudia aya kichwani, polepole, na kweli, Aaraf walioingiwa na hofu ni watu waliokuja kutazama. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi na sikuwahi kuliona hilo. Nilimwambia, watu ndio waliogopa.

"Basi siku ileile," akasema, "huku umesimama katikati ya watu, kule umeingizwa ndani ya kifua cha Musa. Halafu unaniambia umeshaambiwa. Hujaisikia. Umeizoea tu."

Maneno hayo, hujaisikia umeizoea tu, yalikuwa wimbo wake. Aliyasema kwa mtoto aliyesoma Fatiha mbiombio. Aliyasema kwa mama yangu aliyelalamika kwamba baba kila siku anamwambia jambo lile lile kuhusu moyo wake unavyomdunda, na mama akampeleka baba hospitali kesho yake, na ikawa heri kwamba alimpeleka. Mimi yaliniudhi. Mtoto anayejiona ana akili hapendi kuambiwa hajasikia.

Alikuwa na namna yake ya kufafanua, na haikuwa ya vitabu. Kuna aya ambayo katika Shuaraa inasemwa na Firauni: huyu Musa ni mchawi hodari. Katika Aaraf neno hilo hilo linasemwa na wakubwa wa watu wa Firauni. Msichana mmoja mkubwa akauliza, sasa kweli ni ipi, alisema bwana au walisema watumishi? Bi Mwalimu akacheka kidogo puani. Wiki ile ile, kwenye mkutano wa akina mama wa mawese, kiongozi mmoja ambaye nami simtaji alikuwa amesimama akasema mafuta ya mwaka ule yanachacha kwa sababu wanawake hawaoshi madebe. Kufika alasiri kila mjumbe wa kamati alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akilisema jambo hilo, na kila mmoja analisema kama vile amelifikiria yeye.

"Mliwasikia?" akatuuliza. "Alisema mkubwa au walisema wadogo?"

"Wote," tukajibu.

"Haya. Sura moja imekaa karibu na kiti, sura nyingine imekaa barabarani." Kisha akaongeza kwamba madebe yake yeye yalikuwa safi, na tuliambiwa tukawaambie mama zetu hivyo.

Lakini mtu huyu ambaye hadithi ya Musa hakuichoka, alikuwa haambiliki jambo la dunia mara mbili. Ukimwambia habari uliyomwambia jana alikukata katikati: "Hilo tayari." Kwa jirani alikuwa anakwenda kutazama tamthilia, na siku ya marudio aliondoka na kanga yake kwa hasira, akisema watu wa televisheni wanamfanya mjinga. Nilimwona kwa macho yangu akimwacha mgeni na chai mezani kwa sababu mgeni alianza upya kisa cha msiba wa kijijini Ilagala.

Na kuna jambo la njia za ziwani. Kila alasiri alikwenda mwaloni kununua dagaa, na mara nyingi alichukua wasichana wawili wa kumbebea. Hakuwahi kupita njia moja siku mbili mfululizo. Leo tunapita sokoni, kesho nyuma ya makaburi, keshokutwa kwenye vibanda vya mafundi mitumbwi, na tukifika majini anauliza, umeona nini? Nilipojibu nimeona ziwa, alisema, basi kesho tena. Mwanzoni miguu iliniuma tu. Baadaye nilianza kuona: huku wanachonga, huku wanazika, huku wanapatana bei ya vitunguu, na wote maji wanayoyasikia ni yale yale. Nikajiambia, kumbe ndiyo maana yake, sura nyingi na bahari moja. Nilijiona nimefumbua fumbo kubwa. Miaka mingi baadaye nikamweleza mjukuu wake, Rukia, na Rukia akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi alikuwa anamkwepa yule mama aliyeuza samaki wa migebuka," aliniambia. "Si unamkumbuka? Akikuona tu anakuamkia kwa Kiha, 'Mwidiwe, Bi Mwalimu,' halafu anaanza kile kisa cha mkwe wake aliyedondoka majini siku ya kuja kuposa. Bibi alikisikia mara mbili akaapa hakisikii ya tatu."

Sijui nani kati yetu ana haki. Nadhani sote wawili.

Siku niliyoanza kumheshimu kwa kweli, si kwa kuagizwa, ilikuwa msibani. Kijana wa jirani yetu alikuwa ameenda ziwani na wenzake, upepo ukabadilika, wenzake wakarudi na yeye hakurudi. Mwili haukupatikana. Mama yake alikaa kwenye mkeka siku nzima akitazama mlangoni, hali, hanywi, hasemi. Wanawake walinong'onezana kwamba kwenye nyumba ile asitajwe Nuhu, maana katika Suratu Hud Nuhu anamwita mwanawe na wimbi linapita kati yao. Wote tulikuwa tunatembea kwa vidole.

Bi Mwalimu akaja, akakaa karibu naye, akaanza kumsimulia kwa Kiswahili habari za mama yake Musa, aliyeambiwa amtie mtoto wake majini. Nilikuwa nagawa maji ya kunywa na nusura niangushe birika. Nilijua hadithi ile inaishia wapi: mtoto anarudishwa kwa mama yake. Ukimsimulia hayo mwanamke ambaye wake hatarudi, unamfanya nini? Lakini hakufika huko. Katika Suratu Qasas kuna mahali panaposemwa kwamba moyo wa mama yake Musa ulipambazuka mtupu. Alipofika hapo akanyamaza, akakaa naye mpaka adhuhuri, akaenda zake. Kesho yake akaja tena, akasimulia tena, akasimama hapo hapo. Siku ya tatu nayo. Wanawake wakaanza kuguna, wengine wakisema mzee anachanganyikiwa.

Siku ya nne alipofika kwenye moyo mtupu, yule mama akageuka kutoka mlangoni. Akasema, "Mimi wangu hivyo hivyo." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu habari ije, na jioni akanywa uji.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza Bi Mwalimu kwa nini alichagua hadithi yenye mwisho ule. Akasema, "Mwisho sikwenda nao. Nilimpelekea pale alipo yeye." Halafu akaniuliza kama nimeshatayarisha ukurasa wangu wa kesho, na nilikuwa sijautayarisha.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo mengine hayana maana.

Palikuwa na maulidi ya wanawake, alasiri, kwenye ua mkubwa karibu na msikiti. Kila chuo kilitoa msichana mmoja wa kusoma, na Bi Mwalimu alinitoa mimi. Nisome Shuaraa, tangu Musa anapoingia kwa Firauni mpaka bahari inapopasuka. Watu wa ziwani wanaipenda bahari ile. Nilijiandaa mwezi mzima. Siku yenyewe nilivaa baibui la dada, nikakaa kwenye zulia mbele ya wanawake wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja, na Bi Mwalimu akakaa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

Nilianza vizuri. Sauti ilitoka. Nikafika kwenye ile njia panda ya mchawi hodari, na badala ya Firauni wakasema wakubwa wake. Sikuhisi chochote. Nikaendelea, wachawi wakaja, wakashindwa, wakasujudu, na mimi nasoma kwa mbwembwe, nikingoja bahari. Bahari haikuja. Wakaja nzige. Wakaja chawa, wakaja vyura. Nilipofika kwenye vyura nikajua niko Aaraf na kwamba niko huko muda mrefu. Mke wa sheikh mmoja, aliyekijua kisomo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Musa wa leo ziwani hafiki," na kicheko kikapita ua mzima, hata kwa wale wasiojua wanachekea nini.

Sikuweza kurudi wala kuendelea. Kilichoniuma si kile kicheko. Kilichoniuma ni kwamba Bi Mwalimu, mwanamke ambaye mkono wake ulisimama kwa kosa la herufi, alikuwa nyuma yangu tangu njia panda na hakutoa hata kikohozi. Aliniacha niende mpaka kwenye vyura. Baada ya maulidi hakunikaripia wala hakunipoza. Alinishika mkono mpaka kwetu, akanikabidhi kwa mama, akaondoka. Nikaamua kwamba alikuwa amenitupa, na siku iliyofuata nikasema naumwa. Niliumwa miaka ishirini na mitano.

Leo nafundisha darasa la pili Mwandiga. Kila mwaka naanza na watoto wapya kusoma na kuhesabu yale yale, na kila mwaka kuna mmoja anayeniuliza, mwalimu, hii si tulishafanya? Niliwahi kujisikia nikimjibu, umeizoea tu, nikashtuka kama mtu aliyesikia sauti ya mama yake kwenye koo lake. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nilikutana na Rukia stendi ya Mwandiga. Nikamuuliza habari za bibi.

"Bibi yupo," akasema. "Ila anatuacha kidogo kidogo. Juzi ameniuliza mimi ni mgeni wa nani. Macho nayo yamekwisha. Kitu kilichobaki ni Kurani."

Nilirudi nyumbani nikakosa raha. Kwenye chuo chetu palikuwa na utaratibu: aliyekuanzisha ndiye anayekusikiliza unapohitimu, na ndiye anayekuombea dua ya kuhitimu. Mwingine anaweza kukusikiliza, hakuna dhambi, lakini sisi tulilelewa hivyo. Nilikuwa nimebakiza juzuu kumi na moja na kipande. Nilikuwa nimejiambia nitazimaliza siku moja, kwa mtu yeyote, bila haraka. Sasa nikaona kwamba nazitaka kwake yeye, na kwamba zamu inapita. Nilitaka anisikilize angali anajua kwamba ni mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa barazani kwake saa tatu asubuhi. Alikuwa amekuwa mdogo, amejikunja kwenye kiti cha plastiki, kanga mpaka kidevuni.

"Shikamoo Bi Mwalimu."

"Marahaba. Ni nani?"

Nikataja jina langu na la mama yangu. Rukia akajongea kunisaidia. Bi Mwalimu akamtangulia, "Shuaraa."

"Ndiyo, Bi Mwalimu. Shuaraa."

"Soma."

Nilifungua msahafu, maana kichwani sikubakiwa na kitu. Nilisoma kidole kikifuata mstari. Nikafika kwenye njia panda, nikasoma kilichoandikwa: Firauni akawaambia wakubwa waliomzunguka. Bi Mwalimu akainua mkono.

"Rudi. Walisema wakubwa."

Nikatazama ukurasa. Nikarudi, nikasoma tena vile vile, polepole. Akatikisa kichwa, na sauti yake ikawa kali, ile ya zamani. "Walisema wakubwa. Rudi."

Rukia alikuwa ananitazama. Ningeweza kusoma alivyotaka na mambo yakaisha, ni mzee, haoni, nani angejua. Lakini ile ni Kurani, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba haichezewi. Nikasema, "Bi Mwalimu, unisamehe. Hapo uliposhika ni Aaraf. Hapa anasema Firauni mwenyewe."

Mkono ukashuka taratibu. Midomo ikatembea bila sauti. Alikuwa anaisoma aya huku, halafu kule. Nilidhani nimemuumiza. Kisha akasema, "Kweli. Nimeingia Aaraf." Akaongeza, kwa sauti ndogo, "Hapa hapa. Kama siku ile."

"Siku ile nilikosea mimi, Bi Mwalimu."

"Tulikosea wote."

Nikamwambia sijaelewa.

"Nilikuwa nyuma yako, nakufuata kwa midomo," akasema. "Sauti yako ilikuwa nzuri, nikaifuata. Ulipokata kona, na mimi nikakata. Sikujua. Nilikuja kugutuka yule mke wa sheikh alipokucheka."

"Mbona hukuniambia?"

Alijibu bila kujitetea. "Wewe ulikuwa mtoto. Nilisema, atasahau. Mimi nilikuwa mwalimu. Niliona aibu."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke huyu, niliyokuwa nimeyatayarisha kwa miaka, na mengine yalikuwa makali. Nikaona sina hata moja. Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimebeba mzigo nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe upande wa pili alikuwa ameushika yeye. Nililia waziwazi, mwalimu mzima wa serikali, kamasi na yote. Yeye akasubiri. Nilipotulia akauliza, "Tumefika wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Haya, twende baharini." Na tukaenda. Nilisoma bahari ikapasuka, kila upande kama mlima mkubwa, na alikuwa ananifuata kwa midomo.

Kuanzia hapo nilikuja kila Jumamosi. Tulikwenda kwa kasi tuliyoiweza. Tulipofika Qasas na moyo mtupu, alisimama mwenyewe bila kuambiwa, akakaa kidogo, akasema endelea. Kwenye njia panda tulisaidiana. Mara nyingine alinirudisha yeye, mara nyingine nilimrudisha mimi, na kila nilipomrudisha alisema "kweli" bila kinyongo. Lakini mimi nilianza kupungua kwake. Ilipofika juzuu ya ishirini na tatu aliniita kwa jina la mama yangu. Juzuu ya ishirini na saba aliniuliza kama mimi ndiye muuguzi. Nilikuwa narudi Mwandiga nikihesabu wiki, nikiomba abakishe nafasi yangu mpaka mwisho.

Tulimaliza Jumamosi moja asubuhi, jua limeingia barazani, Rukia amekaa kwenye kizingiti na mtoto wake mgongoni. Sura fupi za mwisho nilizisoma msahafu umefungwa, zile anazoanza nazo kila mtoto. Nilipotamka neno la mwisho la Suratu Naas, Bi Mwalimu akainua mikono yote miwili, akaomba dua ya kuhitimu. Aliiomba yote, ndefu, haikukatika mahali. Katikati akanitaja kwa jina langu kamili na jina la baba yangu, na akasema, mwanafunzi wangu. Rukia alisikia, kwa hiyo sina haja ya kumthibitishia mtu.

Desturi ni kwamba ukimaliza huachi hapo. Kabla hujainuka unarudi mwanzo, unasoma Fatiha na aya chache za Baqara, ili kusiwe na siku ambayo umeifunga Kurani na hujaifungua. Nikageuza msahafu ukurasa wa kwanza nikasoma. Rukia alikuwa amekwenda ndani kuleta chai. Nilipoinua macho, Bi Mwalimu alikuwa ameelekeza uso kwangu, amekunja paji, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Mtoto wa nani wewe?" akaniuliza.

Nilitaka kutaja jina. Nikaona ameinamisha kichwa kwa wema ambao sikumbuki kama alinionyesha nilipokuwa na miaka sita, nikakosa sababu ya kumsahihisha.

"Wa hapa hapa Ujiji, Bi Mwalimu."

"Ndiyo unaanza leo?"

"Ndiyo. Naanza leo."

Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kichwa changu, akauacha hapo.

"Unasoma vizuri," akasema. "Usiwe na haraka. Ukifika kwa Musa patakuchanganya, panamchanganya kila mtu. Mimi nitakuwa nakungoja hapo."